Sura ya Sita: Mkono wa Severina

Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo Mishi Bakari alipanda ngazi kwa miguu, mkono mmoja ukutani, akipita harufu za watu: huku biriani, kule dagaa wa kukaanga, juu zaidi udi uliofukizwa baada ya sala ya Ijumaa. Mtaa wa Karama ndivyo ulivyo. Huna haja ya kusoma kibao cha mlango. Pua itakwambia nani anaishi humo.

Nje ya mlango wa Ahmadi palijaa viatu. Mishi akavitazama kabla ya kubisha. Tabia ya kazi hiyo. Zamani alikuwa polisi wa upelelezi Malindi. Sasa alipata riziki yake katika ghala moja la Freezone, eneo la biashara lisilotozwa ushuru kando ya uwanja wa ndege, akifuatilia katoni zilizotoka China zimejaa zikafika nyepesi. Lakini Waswahili wa Dubai walimjua kwa jambo jingine. Wakigombana baina yao humwita Mishi kabla ya polisi, maana polisi wa mji huu hawaulizi nani kaanza. Huomba vitambulisho vya wote, kisha ndiyo mazungumzo yaanze.

Viatu vya wanaume vilitupwa ovyo. Jozi moja ya kike, ndara za bei rahisi, ilipangwa pembeni, ncha zikielekea ngazini. Mwenye ndara hizi, Mishi akajisemea, hakuja kukaa.

Akabisha.

"Ahlan, Bi Mishi, ingia, ingia." Ahmadi alikuwa mtu mzima wa Unguja, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na uso ambao haukulala vizuri. "Niwie radhi kwa ngazi. Wallahi nimewaambia wenye jengo mpaka nimechoka."

"Mwizi yuko wapi?"

"Mie sijasema mwizi." Akashusha sauti. "Nimesema nataka kujua."

Sebuleni walikuwamo watatu. Munir, mzaliwa wa Nairobi, mlinzi wa duka kubwa, mwili umejaa kochi peke yake. Ubeid wa Mombasa, dalali wa magari, wa tiketi, wa vyumba, wa chochote chenye mnunuzi, amekaa karibu na dirisha akichezesha funguo. Na kwenye kigoda, magoti pamoja, pochi mapajani, mwanamke wa Songea mwenye kilemba cha manjano.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Severina?"

"Ndiye mimi. Wanaodai naiba."

Alisema bila kuinamisha macho. Mishi akalihifadhi hilo.

Ahmadi akaweka simu yake juu ya meza, kioo kikitazama juu, kila mtu aone. Kwenye kioo palikuwa na namba na jina: Madam Huda.

"Ni mwajiri wake," akasema. "Namba aliiandika mwenyewe aliponiletea mzigo. Nimempa heshima ya wiki nzima, Bi Mishi. Leo Magharibi ikiadhiniwa nitajua moja. Kama alitucheza kwa dadu ya hila, nampigia madam wake namweleza. Kama hakutucheza, naifuta namba hii mbele yenu na yamekwisha."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa simu hiyo ingefanya nini. Kamari katika nchi hii ni kosa la kwenda ndani. Mfanyakazi wa nyumbani akitajwa kwa kamari, kafeel, yaani mwajiri aliyemdhamini, hufuta viza kabla hajamaliza kusikiliza. Kisha ni kituo cha polisi, kisha ni ndege, na jina lako halirudi tena.

"Na nyinyi?" Mishi akauliza. "Mlikuwa mkisali naye hapa?"

Munir akacheka kwa pua. Ahmadi hakucheka.

"Sisi hatuchezi pesa," akasema. "Kamari ni pesa. Sisi tunacheza nafasi."

Mishi akaketi. "Nieleze kama mgeni."

Basi Ahmadi akaeleza. Kazi yake ilikuwa kukusanya mizigo ya watu katika kontena moja: huyu friji, yule matairi, yule mapazia, likijaa lapelekwa Mombasa na Dar. Kila mmoja hununua sehemu yake ya kontena. Na Ijumaa, baada ya sala na chakula, baadhi yao hutupa dadu mbili kushindania sehemu hizo. Hakuna hata dirhamu inayokaa juu ya mkeka. Ndiyo maana walilala usingizi mzuri, wakiamini wamepata mlango wa nyuma wa sheria.

"Hakimu utamwambia hivyo?" Mishi akauliza.

Ahmadi akajikuna shingo.

"Mchezo wenyewe uko hivi, mathe," Munir akadakia. "Unarusha mara ya kwanza unapata namba yako. Tuseme nane. Halafu unaendelea kurusha. Nane ikirudi, umeshinda. Saba ikitokea kwanza, umeenda. Na saba ndiyo namba inayopenda watu kuliko zote. Inakuja tu. Hata ukiomba dua, inakuja."

"Lakini kwake haikuja," Ubeid akasema kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea kuuza. "Ijumaa iliyopita alitupa mpaka chai ikapoa. Saba hakuna. Kachukua nafasi ya Munir, kachukua yangu, kachukua karibu nusu kontena. Nikasema hapana, hili si bure. Nikaomba pochi ifunguliwe, na ndani nikakuta dadu. Nyekundu kama hizi zetu. Haya, niambie wewe mpelelezi, dadu ya tatu yatafuta nini kwenye pochi ya mwanamke?"

"Sijaileta mimi," Severina akasema.

"Wote husema hivyo."

Mishi akainua kiganja, wakanyamaza. Hapo ndipo alipokitazama chumba. Ukuta wa ndani, ule wa kutupia dadu, ulifunikwa blanketi zito la manyoya laini, lile la kila kitanda cha Ghuba, lenye picha kubwa ya chui. Lilining'inia kutoka karibu na dari, na mkia wake ukatandazwa juu ya sakafu.

"Chui huyu kazi yake nini?"

"Kelele," Ahmadi akajibu. "Nyuma ya ukuta huo kuna familia. Dadu zikigonga usiku na mchana, si watauliza? Tumelitundika tangu mwanzo."

"Nipe dadu zote. Na jikoni nipe glasi ndefu. Severina, njoo nami."

* * *

Jikoni palikuwa na nafasi ya watu wawili na sufuria. Ahmadi alileta kopo lenye dadu mbili za mchezo, na bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Hii ndiyo ya kwenye pochi. Ubeid alinikabidhi papo hapo, nikaitia humu, nikaifungia kabatini. Hakuna aliyeiona tena, hata mie."

Mishi akafunga mlango. Akajaza glasi maji, akaichana bahasha, akaziweka dadu tatu juu ya sinki. Kwa macho zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Akatumbukiza ya kwanza ya kopo. Ikazama ikionyesha mbili. Akaitoa, akairudia: tano. Akairudia: moja. Ya pili vilevile, leo hivi kesho vile. Kisha ile ya bahasha. Ilipoingia majini ilijigeuza kama mtu aliyeitwa jina, ikalala chini na sita ikitazama juu. Akaitumbukiza tena ikiwa imepinduliwa. Ikageuka. Sita. Kila mara sita.

"Ina uzito wa risasi tumboni," Mishi akasema.

Severina akaisogelea glasi, akatazama. Kisha akasonya. Ilikuwa msonyo wa fundi aliyeonyeshwa kazi mbovu.

"Sasa hii ningeifanyia nini, dada? Sita mimi siitaki kabisa."

"Huitaki?"

"Siitaki. Inaniharibia."

Mishi akaegemea friji. "Ulifundishwa wapi?"

"Dar. Nilifanya kazi ya usafi kwenye kasino, baadaye wakanipandisha, nikawa mtu wa kurudisha dadu kwa fimbo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kigiriki. Watu wote wanatupa tu kama wanatupa mchele kwa kuku, yeye anapanga kwanza. Nikamwangalia. Nilipokuja huku, nikanunua dadu za mchezo wa watoto, kila siku kazi zikiisha najifungia chumbani kwangu, natupa kitandani."

"Kitandani?"

"Sakafuni madam angesikia."

"Na nani mwingine anajua kwamba unaweza?"

Severina akautazama mlango. "Wote wameona. Lakini Ubeid ndiye aliyenifuata. Alisema kuna nchi, Georgia, mtu mwenye ukaazi wa huku anaingia bila viza, na kasino zimejaa, si haramu. Twende, yeye ameshapata matajiri wa kuweka mtaji. Nikamwambia mimi nina cherehani zangu nne nataka zifike Songea, nifungue karakana. Sitaki kasino. Nilishazisafisha za kutosha."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema shida ndiyo humfundisha mtu kusafiri."

Mishi akaitoa dadu majini. Angeweza kumshuku Ubeid papo hapo, lakini shuku si ushahidi. Na Ahmadi naye alikuwa na sababu yake: mwanamke huyu alikuwa ameondoka na karibu nusu ya kontena lake. Mwenye bahasha na ufunguo wa kabati ni yeye. Mtu huweza kutia kitu katika bahasha kama anavyoweza kukitoa.

Akazikausha dadu, akatia ile mbaya mfukoni.

"Njoo utupe," akasema. "Nataka kuona."

* * *

Severina alipiga goti moja mbele ya chui. Wanaume walisimama nyuma, wamekunja mikono, nyuso za kutaka kuonyeshwa. Mishi alikaa pembeni, chini kabisa, macho yake usawa wa mkeka.

Kwanza alizipanga. Hilo ndilo lililomchukua muda. Aliziweka ubavu kwa ubavu, akazigeuzageuza kwa ncha za vidole, mpaka moja na sita zikatazama nje, kushoto na kulia, na nyuso nyingine nne zikawa zinazunguka katikati. Mishi akaelewa. Alikuwa ametengeneza tairi. Tairi likibingirika, kitovu hakigusi barabara.

Kisha akazishika kwa juu, kwa vidole vitatu, kama mtu anayeshika kifaranga. Akanyanyua mkono. Akaachia.

Hazikuruka kama dadu. Zilipaa pamoja, taratibu, zikizunguka kwa pamoja, pengo baina yao halikuongezeka wala kupungua. Zikamgusa chui kidevuni. Blanketi likazipokea bila sauti, zikaanguka pale pale chini ya ukuta kama tende mbili zilizoiva mno.

Nne na nne.

"Nane," Ahmadi akasema. "Nane ndiyo namba yake."

Akazikusanya, akazipanga, akatupa. Mbili na tatu. Akatupa. Nne na tano. Akatupa, na zile dadu zikaenda tena sambamba, zikamgusa chui, zikashuka. Tatu na tano. Nane.

"Mungu wangu," Munir akasema, akaketi sakafuni bila kujua ameketi.

"Endelea," Mishi akamwambia.

Akaendelea. Namba mpya, ikarudi. Namba nyingine, ikarudi. Mishi alikuwa ameona mengi katika maisha yake: alimwona mtu akifungua kufuli la bandari kwa kijiti cha kuchokolea meno, na alimwona mwingine akikumbuka namba za makontena ya mwezi mzima. Lakini hili lilimsimamisha nywele za mikono. Yule mwanamke hakubahatisha, wala hakuomba. Alikuwa anaziambia dadu zikakae wapi, nazo zinatii. Kilichozaliwa kisiwe na bwana, kilichotengenezwa makusudi kisimsikilize mtu yeyote, kilikuwa kinamsikiliza mfanyakazi wa ndani mwenye kilemba cha manjano.

"Subhanallah," Ahmadi akanong'ona. Alikuwa amevua kofia, hajui kwa nini. "Subhanallah, mkono gani huu?"

Saba ilikuja mwishoni, mara moja tu, mbili na tano, dadu moja ilipojikwaa kwenye mshono wa blanketi. Severina akajipiga paja.

"Nimeiachia vibaya."

Wote wakashusha pumzi kana kwamba wameteremshwa kutoka juu ya paa.

"Sasa nijibuni," Mishi akasema. "Hapa katupa mara nyingi. Nani ameona sita?"

Wakatazamana.

"Nani ameona moja?"

"Zii," Munir akasema polepole. "Hakuna. Hata ile siku. Nilikuwa nangoja sita mbili, nikaona hazitokei kabisa, nikafikiri labda zimefutika."

"Ahmadi? Ijumaa iliyopita?"

Ahmadi akafumba macho, akakumbuka, akatikisa kichwa. "Wallahi si sita, si moja."

Mishi akaitoa ile dadu mfukoni. "Hii iliyokutwa katika pochi imetiwa risasi ili itoe sita. Nimeijaribu majini, haitoi kingine. Kama angeitumia, mngeona sita kila mtupo. Hamkuona hata moja. Basi dadu hii haikuwahi kuguswa mchezoni. Iliwekwa pochini na mtu asiyejua anavyocheza. Anajua tu kwamba anashinda."

Ubeid aliacha kuchezesha funguo.

"Lakini basi kuna jambo jingine," Ahmadi akasema. "Kama si hila ya dadu, ni nini? Bahati tu siyo. Huyu anaweza kukivua chumba kizima nguo. Hiyo nayo si wizi?"

Lilikuwa swali la haki. Mishi akainuka, akaenda ukutani, akalishika blanketi kwa mikono miwili, akalivuta. Chui akaanguka. Nyuma yake palibaki ukuta mtupu wa rangi ya maziwa, na chini vigae.

"Tupa hapa."

Severina akatazama ukuta ule kama mtu anayetazama uso wa jamaa asiyemkumbuka. Akapiga goti. Akazipanga vilevile, akazishika vilevile. Zikapaa vilevile, mapacha wameshikana mikono.

Zikagonga. Ta-ta! Moja ikarukia chini ya kochi, nyingine ikazunguka kama pia katikati ya chumba. Munir akainamisha kichwa chini ya kochi akasoma. Ahmadi akasoma ya katikati.

"Sita."

"Moja."

Saba.

"Tena," Mishi akasema.

Akatupa tena, kwa mkono ule ule, kwa uangalifu ule ule. Kumi na moja. Tena. Saba. Tena, nne, tena, saba. Moja na sita, ambazo hazikuonekana mchana kutwa, sasa zilitokea kama panya waliofunguliwa ghala. Munir akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Ahmadi naye akatabasamu, mkono kifuani.

Mishi hakuzitazama dadu. Alizitazama nyuso. Severina alikuwa ameduwaa, anautazama mkono wake. Hilo alilitarajia. Lakini Ubeid, aliyeleta mashitaka, aliyepaswa kushangilia kuona mshitakiwa akishindwa, alikuwa amepauka midomo. Kila saba iliyotoka ilimchoma yeye.

"Kumbe ni blanketi," Ahmadi akasema.

"Ni mkono na blanketi. Mkono wake una uwezo, mmeuona, na sijawahi kuona kama huo. Lakini dadu ikigonga kitu kigumu inasahau ilichoambiwa. Blanketi halisahaulishi. Yeye alijifunza kitandani asisikike kwa madam. Nyinyi mkatundika chui msisikike kwa jirani. Mmemtandikia wenyewe. Severina, kule kasino ya Dar, ukuta wa meza ulikuwaje?"

Severina akaupapasa ukuta mtupu. "Una meno," akasema. "Meno ya mpira. Pande zote." Akaushusha mkono. "Sikuwahi kutupa pale. Nilikuwa narudisha tu."

"Meno hayo kazi yake ndiyo hiyo, kuzisahaulisha dadu. Kazi ya miaka yako yote ingeliwa pale kwa mchana mmoja. Na mtaji wa matajiri juu yake."

Neno *mtaji* alilisema akiwa amempa Ubeid mgongo. Kisha akachukua sinia la chai, akaziweka dadu tatu juu yake, ile ya bahasha na mbili za mchezo, akalitikisa mpaka zikachanganyika.

"Hii yenye risasi nataka niipeleke kwa mtu anayezijua, anieleze imenunuliwa wapi. Sasa nimezichanganya, mzee mimi. Nisaidieni kuitambua. Bila kutupa, kwa macho tu."

Ahmadi akainama, akazigeuza, akakata tamaa. "Zote sawa."

Munir akazinusa kabisa. "Mathe, hapa hata kwa mganga hutoboi."

Severina akatikisa kichwa.

Ubeid akasogea. Labda alitaka kwisha kwa jambo lile. Labda dalali hawezi kuona mtu anashindwa kutambua bidhaa akanyamaza. Akanyoosha kidole, akaichomoa moja bila kuipima.

"Ni hii. Angalia upande wa moja. Kitone cha katikati kina rangi nzito, ndipo palipozibwa."

Mishi akaipokea, akaitia katika glasi ya maji aliyotoka nayo jikoni. Ikajigeuza. Sita.

"Ahsante, Ubeid. Umeijuaje?"

"Si mimi niliyeikuta?"

"Uliikuta, ukamkabidhi Ahmadi papo hapo. Yeye mwenyewe kaniambia. Akaifungia bahashani, na nimeifungua mimi jikoni, mlango umefungwa. Kitone kile hata mimi sikukiona, na nimeishika kwa robo saa. Uliitazama lini, mwanangu, mpaka ukajua palipozibwa?"

Ubeid akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Ahmadi, na Ahmadi akageuza uso.

"Niliwatakia mema," akasema hatimaye. Ulaini ulikuwa umemtoka sautini. "Mkono kama ule unasugua vyoo vya watu! Batumi, kule Georgia, ningemfanya mtu. Tajiri. Angefukuzwa angekubali, ningekuwa na tiketi mkononi kabla viza haijafutwa."

"Wewe ulikuwa unanifukuzisha?" Severina akasimama. "Wewe uliyekula pilau niliyopika?"

"Na sasa nyote mmebaki na nini? Ukuta!"

Akachukua funguo zake, akapita kati yao kuelekea mlangoni. Lakini alipopita mezani macho yake yalishuka, mara moja tu, juu ya kioo cha simu ya Ahmadi, ambacho kilikuwa bado kinang'aa. Midomo yake ikachezacheza. Mishi aliliona hilo, lakini alikuwa amechelewa. Munir aliinuka kumfuata, na Munir si mtu wa kuinuka haraka. Visigino vya Ubeid vilikwisha kusikika ghorofa mbili chini.

"Namba," Mishi akasema. "Ameisoma namba."

Ahmadi akaikamata simu, akaifuta ile namba haraka, kana kwamba kuifuta hapa kungeifuta na kule. Kisha akamgeukia Severina.

"Mama, mie nimekukosea. Cherehani zako zinapanda kontena. Za mwanzo kabisa, mlangoni." Akatafuta neno jingine, hakulipata. "Mkono ule... Wallahi nikizeeka nitawahadithia watu, na hawatoamini."

"Usiwahadithie," Severina akasema. "Nitafungwa."

* * *

Waliteremka pamoja, Mishi na Severina, wakakata uchochoro wa maduka ya mabegi kuelekea stesheni ya metro. Jua lilikuwa limelegea. Severina alitembea kasi, pochi imebanwa kwapani, simu mkononi, akiitazama kila hatua chache kama mtu anayebeba mkebe wa nyoka.

"Akipiga, madam atanipigia," akasema. "Hawezi kungoja mpaka nifike. Hana subira."

"Ukweli unao. Nitazungumza naye mimi."

"Dada, wewe hujui. Ukweli wenyewe ndio mbaya. Ukweli ni kwamba natupa dadu."

Mishi akaongeza mwendo asiachwe. Alikuwa ameitoa hila yote mwangani, kipande kwa kipande, na hakuna hata kipande kimoja ambacho angeweza kumpa mwanamke huyu amwonyeshe mwajiri wake.

Walikuwa kwenye ngazi za stesheni simu ilipolia. Madam Huda. Severina akaiacha ilie, ikalia, kisha akabonyeza, na kwa hofu akaifungua sauti ya nje.

"Severina! Wein? Uko wapi?" Kiswahili cha madam kilichanganyika na Kiarabu.

"Nakuja, madam. Niko stesheni, madam."

"Sikiliza. Kuna mwanamume amenipigia simu. Hataki kusema jina. Anasema wewe wacheza kamari."

Severina akashika chuma cha ngazi. Watu waliwapita kushoto na kulia.

"Anasema unatupa dadu," sauti ikaendelea, "unawashinda wanaume chumba kizima. Anasema una mkono wa ajabu, hajaona kama huo duniani." Kisha simu ikatoa mlio ambao Mishi hakuutambua mara moja. Madam alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Nikamwambia, habibi, umekosea namba. Severina wangu? Mkono wa Severina? Mkono huo umenivunjia vikombe vya kahawa vya mama yangu, kimoja baada ya kingine! Hawezi kutoa sahani kabatini akaifikisha mezani! Nikamkatia. Watu wamerogwa mji huu. Sasa leta kotmiri, na ndimu. Yalla, tuna wageni."

"Yes, madam."

Simu ikakatika. Severina akabaki ameishika. Adhana ya Magharibi ilianza msikiti wa nyuma, ikajibiwa na wa mbele.

Mishi akasogea karibu naye kuwapisha abiria. Alijisikia kucheka na alijisikia kutukana, na alijua kwamba katika faili zote alizowahi kufunga hakuna iliyofungwa namna hii, na mtu ambaye hakuwahi hata kumtazama vizuri mwanamke anayeishi naye.

"Kweli wavunja vikombe?" akamuuliza.

Severina akatia simu ndani ya pochi, akaivuta zipu polepole mpaka mwisho.

"Vile vya dhahabu tu, dada," akasema. "Haviruhusiwi kuoshwa kwa mashine. Vinataka mkono."

Akapanda ngazi kuwahi treni.